Kokwa na Picha Kumi na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Chapchap alikuwa na kazi tatu katika studio ya picha ya baba yake, chumba cha mbele cha nyumba yao: kufagia, kupangusa kiti cha kukalia wateja, na kukunjua mapazia. Mapazia yenyewe yalikuwa manne. La kwanza lilichorwa maporomoko ya maji, la pili bustani ya maua, la tatu maghorofa marefu yenye taa, na la nne lilikuwa jeupe tupu, kwa ajili ya picha ndogo za vitambulisho. Kazi zote tatu Chapchap alizimaliza kwa dakika saba. Vumbi la chini ya kiti lilibaki palepale likila starehe, maana yeye alifagia njia ya kupita tu.

Jina lake la kweli lilisikika pale tu mwalimu alipoita mahudhurio. Nyumbani na mtaani wote walimwita Chapchap, kwa kuwa hakuwa na jambo alilolifanya kwa utulivu. Alikula mbiombio, alioga mbiombio, na siku moja alikwenda shule amevaa soksi moja yake na nyingine ya baba yake, ikamfika mapajani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, macho maangavu na kicheko cha kuambukiza, kwa hiyo watu walimsamehe upesi. Labda walimsamehe upesi mno.

Mwanzoni mwa muhula, mteja mmoja wa baba yake aliwaletea mbwa mdogo, mtoto wa miezi miwili na nusu. Alikuwa wa ile aina ya mbwa wasiokua wakubwa hata wakizeeka. Uso wake wote ulikuwa mweusi tii, pua yake ilikuwa fupi kiasi cha kutoonekana kwa mbali, na masikio yake yalikunjikia mbele kama vifuniko vya bahasha. Bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyekaa mezani kupokea wateja, alimgeuza huku na huku kisha akauliza, "Sasa huyu ni mbwa au kokwa?"

Basi jina likawa hilohilo, Kokwa. Naye Kokwa aliingia ndani ya kofia ya baba iliyokuwa juu ya stuli, akajikunja, akalala usingizi wa pono.

Wiki hiyohiyo, mwalimu wa sayansi aliwapa wanafunzi kazi ya muhula. Kila mmoja achague kiumbe hai, mmea au mnyama, akifuatilie kwa wiki kumi na mbili. Kila wiki akichore au akipige picha mara moja, aandike tarehe, kisha aeleze kilichobadilika. Kazi itakayoshinda itapelekwa kwenye maonyesho ya shule zote za mji.

Wengine walichagua maharage. Mmoja alichagua kaka yake mchanga. Chapchap alijua papo hapo kwamba ushindi ni wake, kwa kuwa alikuwa na mbwa na alikuwa na studio. Baba yake alimpa kamera ya zamani na kumfundisha kutumia mashine ndogo ya kuchapishia picha.

"Uso wa mtoto haukai, mwanangu," baba alimwambia. "Wa mtu na wa mbwa pia. Usipoupiga leo, kesho umeshaondoka. Kwa hiyo usikose hata wiki moja."

"Sikosi, Baba!" alijibu, tayari ameshafika mlangoni.

Jumamosi ya kwanza alipiga picha vizuri kabisa. Kokwa aliketi mbele ya pazia jeupe, akapiga chafya, picha ikatoka. Jumamosi ya pili mambo yakawa magumu. Kokwa alijifunza kwamba kile kiti kinaweza kutafunwa. Akiwekwa huku anatelemka kule, akiitwa anadhani ni mchezo, akishikwa analamba kioo cha kamera. Nusu saa ikapita. Nje, wenzake walikuwa wanaruka kamba na kumwita, "Chapchap! Njoo bwana, unatuchelewesha!" Baba alikuwa amekwenda kupiga picha za harusi. Bibi alikuwa mezani, amesinzia mkono shavuni.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama kumkalisha mbwa mara moja ni kazi hivi, ya nini kurudia taabu hii wiki kumi zaidi? Kokwa akishatulia, si ampige picha zote siku hiyohiyo?

Akampa kipande cha mkate. Kokwa akatulia, na Chapchap akachapa kazi. Alimpiga picha mbele ya maua amevaa utepe mwekundu. Alimpiga mbele ya maporomoko ya maji amefungwa leso ya Bibi shingoni. Alimpiga mbele ya maghorofa amevaa tai ya kuazimisha wateja, kisha upande, kisha kwa karibu, kisha ameinamisha kichwa. Picha kumi na moja kwa mpigo mmoja! Bibi alifumbua jicho moja, akaguna, "Mbona huyo mbwa anavalishwa kama bwana harusi?" kisha akalifumba tena.

Jioni hiyo Chapchap alizichapisha, akazibandika kwenye daftari, na chini ya kila moja, isipokuwa ile ya siku hiyo, akaandika tarehe ya Jumamosi ambayo bado haijafika. Maelezo nayo hayakumpa shida. Wiki ya tatu: "Uso umekua kidogo." Wiki ya nne: "Uso umekua kidogo zaidi." Wiki ya tano: "Uso unaendelea kukua." Alipofika wiki ya kumi na mbili, aliandika, "Uso umekua sana," akafunga daftari, akakimbilia kamba.

Kokwa hakujua kwamba kazi yake imekwisha, kwa hiyo aliendelea kukua. Pua yake ilirefuka taratibu. Juu ya macho zikatokea alama mbili za rangi ya mchanga, akawa na nyusi, na tangu siku hiyo kila alipomtazama mtu alionekana kama anayeuliza swali. Manyoya ya kidevuni yakachomoza, yakawa ndevu. Asubuhi moja Bibi alikuja sebuleni akiwa na kikombe cha chai, akasimama ghafla.

"Enyi watu, huyu mbwa mnambadilisha usiku? Jana sikio hili lilikuwa chini!"

Kweli, sikio la kushoto lilikuwa limesimama wima, na la kulia bado limelala. Wote watatu walicheka mpaka chai ikamwagika. Chapchap alicheka kuliko wote, maana alimpenda mbwa huyo kupita kiasi. Alimlisha yeye, alimchana yeye, na alicheza naye kila siku baada ya shule. Mabadiliko yote aliyaona. Ila daftari lilikuwa limeshajaa, na ukweli haukuwa na ukurasa wa kukaa.

Wiki kumi na mbili zikatimia. Jumatatu madaftari yakakusanywa. Jumanne, kabla ya kengele ya kutoka, mwalimu wa sayansi alisimama mbele ya darasa ameshika daftari la Chapchap juu.

"Kumi na tisa kwa ishirini," alisema. "Tazameni usafi huu! Tazameni mapazia haya! Ijumaa daftari hili litatuwakilisha kwenye maonyesho."

Darasa zima lilipiga makofi. Msichana wa maharage alipiga makofi kidogo tu, kwa sababu maharage yake yalikuwa ya pili kwa kumi na nane. Chapchap alipaa kwa furaha. Alikimbia njia nzima, akasukuma lango, akapita ndani kama upepo akipiga kelele, "Bibi! Kumi na tisa!" Lango akaliacha wazi.

Walipomaliza kushangilia, Kokwa hakuwepo.

Walitafuta uvunguni, nyuma ya mapazia, hata ndani ya kofia ya baba, japo Kokwa wa sasa angeingia humo mguu mmoja tu. Walizunguka mtaa wakiita mpaka sauti zikawakauka. Usiku huo Chapchap alilala na ndala ya Bibi kando ya mto, ile iliyokuwa imetafunwa na Kokwa, akalia mpaka usingizi ukamchukua. Alijua ni nani aliyeacha lango wazi.

Jumatano mchana, baba alimfuata shuleni akihema.

"Ameonekana! Fundi cherehani mmoja wa nyuma ya soko amebandika karatasi: amepatikana mbwa mdogo, mwenye naye aje na ushahidi. Ushahidi tunao! Mwombe mwalimu daftari lako."

Mwalimu alilitoa kwa moyo mkunjufu, akatania kwamba mbwa maarufu hapotei. Chapchap alilipokea, na kwa mara ya kwanza daftari lile likamwia zito.

Duka la fundi cherehani lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, meza kubwa ya kukatia vitambaa, na magauni yaliyoning'inia ukutani yakisubiri vifungo. Chini ya meza, akiwa amefungwa kwa ukanda wa kitambaa, alikuwa Kokwa. Alipowaona aliruka, akazunguka, akajinasa kwenye mguu wa meza, akabweka kwa furaha.

"Shikamoo, mama," alisema Chapchap, mikono tayari imenyooka.

"Marahaba. Subiri kwanza, binti." Fundi alikuwa mama mnene mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye kifua cha blauzi. "Watu wawili wameshakuja tangu jana. Wa kwanza kamwita Simba, mbwa akaja. Wa pili kamwita Popi, mbwa akaja. Mimi nikamwita Kifungo, akaja!"

"Lakini unaona anavyotufurahia," baba alisema.

"Alimfurahia hivyohivyo muuza sabuni. Huyu hana adui, kaka yangu. Huyo bwana wa Popi atarudi saa kumi na mbili na mashahidi wake. Nyinyi mna nini?"

Baba alitabasamu, akaweka daftari mezani. "Tuna picha, dada. Kumi na mbili, za wiki kumi na mbili, na tarehe zake."

Fundi alivaa miwani iliyokuwa ikining'inia kwa uzi, akalaza utepe wake pembeni, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Aliangalia picha, akainama chini ya meza kumwangalia mbwa, akarudi kwenye picha. Kila alipoinama, Kokwa alimlamba miwani. Alipofika ukurasa wa mwisho aligonga picha kwa kidole.

"Hii ya mwisho mlipiga lini?"

"Jumamosi iliyopita," alijibu baba.

"Siku nne." Fundi alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Kaka yangu, mimi kazi yangu ni kupima watu. Nikimshonea mtoto sare mwanzo wa mwaka, katikati ya mwaka mikono imeshatoka nje. Watoto hukua! Sasa huyu wenu kwa wiki kumi na mbili hajakua hata unene wa uzi. Pua ileile, masikio yamelala yaleyale, uso mweusi uleule. Halafu ghafla, kwa siku nne, sikio limesimama, kaota nyusi na ndevu? Mbwa wa kwenye picha ni mwingine. Pole, lakini huyu si wenu."

Sura ya baba ilibadilika. Alilivuta daftari, akalitazama sawasawa kwa mara ya kwanza, na Chapchap akaona paji la uso wake likikunjamana. Lakini baba alimtazama bintiye, kisha akajinyoosha, akaweka mkono juu ya daftari.

"Dada, sijui mbwa hukua namna gani, wala sikumbuki sikio hilo lilisimama lini. Ninachojua ni kazi yangu. Miaka ishirini napiga picha za watu za vitambulisho, na hakuna siku picha iliyotoka kwangu ikawa na tarehe ya uongo. Binti yangu ndiye aliyeziandika hizi. Naweka jina langu na la studio yangu juu yake."

Fundi alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwongo aliyevaa vizuri.

Chapchap aliona mawili mbele yake. Angenyamaza, wangerudi nyumbani bila Kokwa, lakini kumi na tisa yake ingebaki na Ijumaa angekwenda kwenye maonyesho kifua mbele. Angesema, kila kitu kingebomoka, na pengine mbwa asipewe pia. Kisha akauona mkono wa baba yake juu ya daftari, ule mkono aliouweka kuapia. Akapiga moyo konde.

"Baba, toa mkono," alisema, na machozi yakamtangulia. "Hizo tarehe ni za uongo."

"Unasema?"

"Mbili za mwanzo ni za kweli. Kumi zilizobaki nilizipiga siku ileile ya Jumamosi ya pili. Nilimbadilisha nguo tu. Nilitaka kwenda kuruka kamba. Maelezo yote niliyatunga. Mama, baba yangu hakujua. Ameniamini tu."

Kokwa aliacha kubweka, akainamisha kichwa upande, nyusi zake zikiuliza swali. Baba alitoa mkono juu ya daftari polepole. Hakufoka, na Chapchap alitamani angefoka.

Fundi ndiye aliyesema kwanza. "Umemdanganya mwalimu, ukamdanganya baba yako, na mimi hapa ulikuwa unanitazama nikidanganyika. Sasa kwa nini nikuamini kwamba mbwa ni wako?"

"Usiniamini mimi, mama." Chapchap alijifuta pua kwa mkono. "Nigeuze nitazame ukutani, kisha mwangalie yeye. Mimi nitasema, wewe uhakikishe."

Fundi alicheka puani, akamgeuza akatazamana na magauni. "Haya, sema. Na usiseme masikio, hayo hata wa Popi aliyaona."

"Nyusi zake hazilingani. Ya kulia ni ndefu, ya kushoto ni nukta tu."

Fundi alichungulia. "Hiyo hata mpita njia angeiona. Endelea."

"Chini ya kidevu, ukipenua ndevu, kuna unywele mweupe. Mmoja tu."

Fundi alipiga magoti kwa shida. Ukasikika ukucha ukichambua manyoya, kisha mguno. "Upo. Endelea."

"Meno ya mbele ya utotoni yameshang'oka yote, ameota makubwa. Lakini juu, upande wa kulia, ana chonge mbili. Ile ndogo ya utotoni imekataa kung'oka, na ile kubwa imeota mbele yake. Zimesimama pamoja. Niliziona Jumapili alipokuwa anaguguna ndala ya Bibi."

Fundi alimfungua Kokwa mdomo kwa vidole viwili vilivyozoea kushika vitu vidogo. Alichungulia, akasogeza taa ya cherehani karibu, akachungulia tena.

"Moja," alihesabu. "Mbili! Ama kweli! Tangu jana namlisha mkate kwa mkono wangu na sikuliona hili."

Akafungua fundo la kitambaa. Kokwa alitoka chini ya meza mbio, akampitia baba, akapanda magoti ya Chapchap aliyekuwa ameshaketi sakafuni, akamlamba machozi yote, la kulia na la kushoto. Baba akaanza kucheka. Fundi akacheka, pini zikimtikisika kifuani. Chapchap alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na furaha aliyokuwa nayo haikuwa na mfano.

"Mchukueni," alisema fundi. "Na hiyo chonge ya ziada mpelekeni kwa daktari wa mifugo, chakula kitanasa hapo kati na jino litaoza. Na wewe, binti! Macho yako yalikuwa na kazi nzuri kuliko ya kwenye daftari. Mbona ulikuwa unayaficha?"

Baba alitembea mbele yao mpaka kwenye kona ya studio. Hapo akasimama.

"Kamera haina uongo, mwanangu. Uongo unaingia pale mtu anapoandika tarehe. Umeniumiza leo, sitaki kukuficha. Lakini uliponiambia nitoe mkono, umenipa kitu pia." Akamtikisa bega. "Sasa, mwezi mzima utafagia studio nzima, na chini ya kiti pia. Na kesho mwalimu wako utamwambia wewe mwenyewe. Mimi siji."

Alhamisi asubuhi Chapchap alimwambia mwalimu kila kitu, amesimama mbele ya meza, bila kuruka hata neno. Mwalimu alifungua daftari, akazitazama picha upya, na masikio yakamwiva.

"Mimi nami sina la kujitetea," alisema mwishowe. "Nilitazama maporomoko ya maji, sikumtazama mbwa." Akafuta kumi na tisa kwa mstari mmoja. "Kwenye maonyesho yatakwenda maharage. Utamwambia mwenzako habari hizo wewe mwenyewe, na utambebea makopo yake mpaka huko."

Chapchap alibeba. Makopo yalikuwa sita, yenye udongo na maji, na njia nzima alitembea taratibu, pengine kwa mara ya kwanza maishani, ili yasimwagike. Msichana wa maharage alimsindikiza akimwelekeza, "Inua kushoto, inua kushoto," na walipofika walikuwa wameshakuwa marafiki.

Mwalimu alimpa kazi mpya ya wiki nne: kila siku mistari mitatu tu, ya kile alichokiona kwa macho yake siku hiyo. Bila mapazia na bila tai. Mwanzoni mkono ulimwasha kutaka kuandika ya kesho leo. Lakini Kokwa hakutabirika, na Chapchap aligundua kwamba ya kesho hayatungiki. Aliandika:

"Leo daktari wa mifugo ameing'oa chonge ndogo. Kokwa hakulia. Bibi amelia."

"Leo sikio la kulia limesimama asubuhi, likaanguka saa nane alipochoka."

"Manyoya ya mashavuni yameanza kuwa ya kahawia mizizini. Juu bado meusi. Ukiyapuliza ndipo unaona."

"Leo hakuna kilichobadilika. Nimemtazama nusu saa nzima."

Wiki nne zilipotimia, mwalimu alilisoma daftari lile mbele ya darasa zima, na wanafunzi walicheka pale pa Bibi kulia. Kisha akalifunga, akasema, "Kumi na nne."

Minong'ono ikapita darasani. Chapchap aliyekuwa na kumi na tisa, leo ana kumi na nne?

"Kumi na nne," mwalimu alirudia, "kwa sababu amesahau kupima urefu wa pua, na mwandiko wake bado unakimbia. Ile kumi na tisa niliyapa mapazia. Hii ni ya kwake." Akamgeukia Chapchap, na sauti yake ikawa ya upole. "Kukua ni kubadilika sura. Mbwa alibadilika kila siku na hakuona haya, akasimamisha sikio moja mbele ya watu kabla la pili halijawa tayari. Kosa lako halikuwa kuchoka, sote tunachoka. Kosa lilikuwa kumtengenezea sura ya uongo ili wewe uonekane hukuchoka. Na uliona mwenyewe, siku ulipomhitaji, hizo picha nzuri hazikuweza kumrudisha. Kilichomrudisha ni kile ulichokuwa umekiona kweli, na ujasiri wa kukisema. Ukifanya kazi, ifanye kwa siku zake. Ukikosa siku, andika kwamba umekosa. Hata ukurasa mtupu mimi nitaupa maksi, mradi uwe wa kweli."

Chapchap alikwenda mbele kulichukua daftari lake. Alikwenda kwa hatua za kawaida, akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, mwalimu. Nimekosa siku moja, ile ya mvua, na ukurasa wake umebaki mtupu. Nilitaka kukwambia kabla hujaniuliza."